Kengele za Maskati

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, simu yangu huanza kutetemeka juu ya meza kwa sababu binamu yangu Hilal, aliyeko Dar es Salaam, ameamka na ameamua kutuhurumia kwa wimbo. Huutuma kwenye kundi la familia, na chini yake huandika mawazo yake juu ya maisha. Jana mvua ilikuwa ikinyesha dirishani kwake, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, akagundua kwamba maisha ni safari. Juzi alikwama kwenye foleni akagundua kwamba subira ni dawa. Ndugu zangu humjibu kwa mioyo myekundu na mikono ya dua, humwita mwanafalsafa, humwombea umri mrefu. Mimi simjibu. Hilal ana mvi ndevuni, na sidhani kama amewahi kusubiri kitu chochote zaidi ya chapati iive.

Leo amevuka mpaka. Ndani ya sanduku la bati la marehemu baba yangu, ambalo lilihamia Dar es Salaam pamoja na shangazi, amekuta kanda za kaseti za ami yetu Nassor, mdogo wake baba. Akampelekea kijana mwenye mashine, kijana akazigeuza zikaingia kwenye simu. "Sauti ya ami kutoka Maskati," ameandika Hilal. "Sikilizeni wimbo alioupenda, sikilizeni hekima. Kwa mbali mnasikia ngamia wakipita na kengele zao. Nimelia." Kundi zima likalia naye. Baadaye akauliza, yule mtoto anayesikika mwisho wa kanda akisema shikamoo ami, ni nani? Shangazi mmoja akasema labda ni mtoto wa balozi. Mwingine akasema atakuwa mtoto wa jirani Mwarabu ambaye ami alimfundisha Kiswahili, maana ami alikuwa mtu wa kufundisha.

Mtoto huyo ni mimi. Na Maskati sijafika mpaka leo.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka kanda zile. Mnakumbuka tulivyoukaza utepe kwa kalamu ya wino ukilegea, na ule mvumo wa kwanza kabla mtu hajasema kitu, kama mafuta yanayopata moto. Mimi nilipousikia leo asubuhi, pua yangu ilikumbuka kabla ya masikio. Niliisikia harufu ya samli. Kanda za ami zilikuja zimefungwa kwenye kitambaa cha kaniki chenye harufu ya samli na moshi, na vumbi jeusi kwenye mikunjo. Bibi, mama yao baba na ami, alikuwa akikishika kitambaa kile kwa mikono miwili, anakivuta puani, anafumba macho na kusema, "Harufu ya Uarabuni hii." Nami nilinusa na kuamini. Kwa hiyo kwa miaka yangu ya utoto nilijua kwamba Uarabuni kunanuka kama jiko la mfugaji.

Lazima niwaeleze nyumba yetu ya Kanyenye, Tabora, maana bila majivuno yake hamtaelewa kilichofuata. Ilikuwa nyumba ya kuta nene za udongo, na mbele mlango wa nakshi ambao mchwa walikuwa wameshakula nusu ya maua yake. Sebuleni palisemwa kila siku kwamba sisi ni watu wa Maskati. Hakuna aliyewahi kuiona. Babu wa babu yake bibi alikuja na misafara ya pembe za ndovu, akafika Tabora akaugua miguu, akakaa. Hiyo ndiyo historia yote ya ukoo wetu, mtu aliyechoka kutembea. Pembe zilitajwa sana sebuleni. Watu waliozibeba, na minyororo yao, sikuwahi kusikia wakitajwa. Kiarabu tulikijua cha kusalia tu. Tuliongea Kiswahili, na bibi akikasirika kweli kweli alitukana kwa Kinyamwezi, tena kile cha ndani ambacho hata wauza viazi sokoni wangeona haya kukitamka. Lakini watu wa mashamba, wenye lugha ile ile, walikuwa kwake "washenzi wale."

Mmoja wa washenzi wale aliolewa na ami Nassor. Alikuwa Mama Mdogo Rukia, mtoto wa mkulima Mwislamu wa Nzega, na bibi alikubali kwa sababu Mama Mdogo alijua kupika kwa watu wengi bila kulalamika. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijaota meno, hivyo Mama Mdogo ndiye aliyenilea. Nililala kitandani kwake, nikanyweshwa uji na mikono yake. Nilipoanza shule yeye ndiye aliyenisuka nywele, akizivuta mpaka macho yanakaribia kufika masikioni.

Ami aliondoka nikiwa mdogo sana. Alisema anakwenda Maskati kupitia Dar es Salaam, na akishapata nafasi atamwita mkewe. Mtaa mzima ulimsindikiza stesheni. Hakurudi, na mkewe hakuitwa. Zilikuja kanda.

Kanda ilikuwa ikiletwa na dereva wa lori, aliyesema amepewa na mtu aliyepewa na mtu bandarini. Haikusikilizwa siku hiyo. Ilingoja Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Bibi alifukiza ubani kana kwamba mgeni mwenyewe anaingia, kahawa ikapikwa, majirani wakaitwa, na redio kaseti ikaletwa sebuleni ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Redio ile ilikuwa ya Mama Mdogo. Kaka yake alimpa siku ya harusi, na kwa sababu hiyo yeye ndiye aliyebonyeza vitufe.

Kwanza ulikuja wimbo. Ami alikuwa akitupigia nyimbo alizozipenda, za Kiarabu, zenye udi na vinanda vingi na mwanamke anayelia kwa muda mrefu kabla hajafika kwenye neno. Alikuwa akizinasa kutoka redio nyingine, na ukisikiliza vizuri unasikia kuku. Baada ya wimbo aliingia mwenyewe, sauti imelainishwa, akatueleza mambo yake ya kila siku na alivyoyafikiria. Asubuhi amefungua dirisha. Amekunywa kahawa. Ameona mzee akivuka barabara, akajua kwamba dunia ni njia. Amekula tende, akajua kwamba utamu wa kitu ni kungoja. Mpaka leo sijui kwa nini watu wakinyweshwa maneno ya namna hii hutokwa na machozi. Bibi alilia. Majirani walilia. Kwa mbali, nyuma ya hekima yote ile, zilisikika kengele, moja nzito ya polepole na nyingine ndogo ndogo zikiikimbilia.

"Ngamia hao," bibi alikuwa akiwaambia majirani. "Wanapita chini ya dirisha lake."

Ikawa hivyo. Nilichora ngamia wenye kengele kwenye daftari la hesabu mpaka mwalimu akanichapa. Shuleni nilikuwa nikiwasimulia wenzangu ngamia wa ami, na waliokuwa na ng'ombe kwao niliwaonea huruma.

Baada ya kusikiliza tulijibu kwa upande wa pili wa kanda. Bibi alizungumza mpaka pumzi ikaisha. Baba alisema biashara inakwenda. Mimi nilisoma sura fupi. Ikifika zamu ya Mama Mdogo, alisema, "Mimi mzima," halafu badala ya kuendelea alimwekea mumewe wimbo, naye wake mmoja anaoupenda. Hakupenda vinanda vya Kiarabu. Alipenda dansi, yale magitaa yanayopokezana mpaka mguu unatikisika wenyewe, ambayo bibi aliyaita ngoma za walevi. Mchana, bibi akilala, tulikuwa tukiyasikiliza jikoni kwa sauti ndogo, sisi wawili, tukimenya karanga. Hakuniambia kwamba maisha ni safari. Aliniambia, "Sikiliza gitaa la pili, lile la nyuma. La mbele linajishaua tu, la nyuma ndilo linalobeba wimbo." Katika kila nilichofundishwa nyumbani kwetu, hilo ndilo pekee lililonifaa baadaye.

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kanda zile zilikuwa zikimfanya nini. Kila alipokuja kaka yake kutoka Nzega, Mjomba Shabani, kuuliza dada yake anangoja mpaka lini, alionyeshwa kanda. Mume yupo, anasalimia, anaomba avumiliwe. Utamdai talaka mtu wa namna hiyo kwa uso gani? Mjomba alikuwa akiinamisha kichwa na kurudi alikotoka. Mama Mdogo alirudi jikoni. Alikuwa bado kijana, na mwili wake ulikuwa ukizeekea kwenye moshi wetu. Nilipomuuliza kwa nini haendi tu Maskati mwenyewe, alisema ni mbali, kuna bahari.

Likizo moja baba alinichukua safari. Baba alikuwa na duka na alikuwa akienda upande wa Igunga kununua mpunga na choroko. Nilikaa kati yake na dereva wa lori, yule yule dereva wa kanda, nikala mahindi ya kuchoma njia nzima. Tulipita Nzega. Nikalala, nikaamka, tukafika Ziba kukiwa na jua la saa sita. Baba akaniambia nikae kwenye lori, akaingia kwenye ghala la mtu.

Ndipo nikazisikia. Ile moja nzito ya polepole, na zile ndogo zikiikimbilia.

Nilishuka nikakimbia. Nilijua ninachokwenda kuona. Nilipita nyuma ya ghala, nikapita uani kwa watu, mwanamke mmoja akanisalimu "mwangaluka" na sikumwitikia, nikatokea mahali pa wazi. Mbele yangu palikuwa na lambo, na ng'ombe wengi wakinywa maji. Dume la mbele lilikuwa na kengele kubwa shingoni. Na huku, chini ya kibaraza cha nyumba ya matofali, kwenye mkeka, alikaa ami Nassor. Amenenepa. Ana kofia nyeupe na kikoi, redio kaseti mbili mbele yake, mtoto mdogo anamparamia mgongoni, na mwanamke mjamzito pembeni anatikisa kibuyu cha maziwa apate samli. Ami alikuwa ameinamia redio akisema kwa ile sauti yake laini, "Hapa nilipo, mama, bahari naiona kwa dirisha."

Nikalitazama lambo. Nikasema moyoni, kumbe bahari ndiyo ile.

Kosa langu lilikuwa hilo, na naliheshimu kuliko akili zote za ukoo wangu. Haikunijia kwamba ami ni mwongo. Niliona kwamba Maskati ni hapa. Kengele zilikuwepo, harufu ya samli ilikuwepo, vumbi jeusi lilikuwa limejaa kwenye viatu vyangu, na bahari ilikuwa mbele yangu. Kilichokosekana ni ngamia tu, na nikadhani wamekwenda malishoni.

Nilisogea kwa adabu nikasema, "Shikamoo, ami."

Aligeuka. Nilimwona uso ukibadilika kama mtu aliyemeza mfupa. "Ebo," alisema, "wewe umetoka wapi?" Mkono wake ukapiga kitufe. Halafu baba akatokea nyuma yangu akihema, akanishika bega, na wale wawili wakatazamana. Sasa ninajua walivyotazamana. Ami alifika Dar es Salaam, karatasi za safari hakupata, akaona aibu kurudi kwenye mtaa uliomsindikiza stesheni. Akarudi nusu ya njia akakomea Ziba, kwa mwanamke mwenye ng'ombe. Na baba alijua muda wote. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wakubwa. Ya ami ilikuwa ya lori, unaondoka alfajiri na mchana umefika.

Baba aliniambia nisimwambie mtu yeyote nyumbani, kwa sababu ami anataka kumfanyia Mama Mdogo jambo la ghafla la kumfurahisha. Nikapewa maziwa ya mgando na soda. Ami akamkabidhi baba kanda ile ile, imefungwa kwenye kaniki yake, bila kuirudisha nyuma kusikiliza. Hakuwa mtu wa kusikiliza alichosema. Mimi nikarudi Tabora na siri imenijaa mpaka kooni. Usiku ule kitandani nilimkumbatia Mama Mdogo nikacheka peke yangu. Akaniuliza nina nini. Nikasema hamna.

Ijumaa iliyofuata Mjomba Shabani alikuja, na safari hii alikuja na nia. Alileta gunia la michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na bibi akaamuru liwekwe nje karibu na mbuzi. Mjomba aliona. Akaketi, akampa bibi shikamoo yake yote, akaitikiwa nusu.

"Mama, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kumwomba dada yangu. Kama mumewe yupo, amwite. Kama hayupo, amwache. Nikitoka hapa bila jibu nakwenda kwa kadhi."

"Yupo," bibi akasema. "Kanda yake imekuja leo, dereva kaileta asubuhi. Kaa umsikilize kwa masikio yako."

Ubani ukafukizwa. Majirani walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, maana habari ya kadhi ilishatangulia. Mama Mdogo akaweka kanda, akabonyeza, akakaa chini na mikono mapajani. Nilimtazama nikajua kwamba hapo ndipo maisha yake yalipo, ndani ya kile kisanduku, na kwamba kanda ikiisha vizuri atarudi jikoni mpaka azeeke. Nilidhani itaisha vizuri, na kwangu vizuri ilikuwa aitwe Maskati, twende wote, tukale samli.

Ukapigwa wimbo, mzuri, hata mimi ninakiri. Akaja ami. Alisema maisha ni kama mawimbi, yanakwenda yanarudi, na aliye pwani hana budi kungoja. "Mwambieni Rukia avumilie," alisema. "Mambo yake nayatengeneza." Kengele zikapita. Bibi akamgeukia Mjomba Shabani akamwambia hao ni ngamia. Mjomba akatazama kikombe chake. Ikaja bahari ya dirishani, halafu kimya, ule mvumo tu. Bibi alikuwa ameshaanza kufuta machozi na kusema, "Basi, zima." Lakini mkono wa Mama Mdogo haukwenda haraka. Kila mara alikuwa akiacha kidogo, kama kuna wimbo mwingine.

"Shikamoo, ami," ikasema redio.

"Ebo, wewe umetoka wapi?" ikajibu, kwa sauti ambayo haikuwa laini hata kidogo. Kisha ikakatika.

Wote walinigeukia. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijapata tena maishani; sauti yangu ilikuwa imetoka Maskati, mbele ya mtaa mzima. Baba alisimama akasema anakwenda kuangalia mlango wa duka. Ijumaa ile duka lilikuwa limefungwa tangu sala ya adhuhuri.

"Njoo, mwanangu," Mama Mdogo akaniita. Alinisimamisha mbele yake akaniwekea sawa mtandio wangu. "Maskati ulikwenda lini?"

Nilimtafuta baba kwa macho sikumwona, nikaona siri imeshajitoa yenyewe. "Juzi juzi. Na baba."

"Mlipanda nini?"

"Lori."

"Na bahari uliiona?"

"Niliiona," nikasema. "Ng'ombe wanakunywa humo."

Jirani mmoja alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Bibi alinyoosha mkono akanigusa paji la uso, akawatangazia watu kwamba mtoto huyu ana homa. Ninamwona mpaka leo, mwanamke mtu mzima, ubani unafuka mbele yake, ananitafutia homa mwilini ili Maskati yake ipone. Kuna watu huniambia nimhurumie, alikuwa mzee, alikuwa mama. Nimejaribu. Dharau ndiyo inayokuja kwanza, kila mara.

Mama Mdogo hakupiga kelele. Aliirudisha kanda nyuma kidogo, akapiga zile kengele tena, akasikiliza zikapita zote. Akaitoa kanda akaiweka mapajani kwa bibi, juu ya kaniki yake. Akaishika redio kwa mkono wake, akasema, "Redio ni yangu," akaingia ndani kufunga nguo.

Waliondoka jioni ile ile. Nilimshika kanga nikalia kwamba nimeharibu, kwamba ami alitaka kumfurahisha na mimi nimeharibu. Alichuchumaa akanifuta makamasi kwa ncha ya kanga hiyo hiyo.

"Hujaharibu kitu," alisema. "Katika nyumba hii yote, wewe peke yako ndiye uliyefika Maskati."

Sikuelewa, nikadhani ananisifu. Alitaka kunichukua, nilimsikia akimwambia kaka yake, na nilimsikia kaka yake akisema mtoto ana baba. Baba yangu huyo alikuwa amejifungia dukani. Kitanda kile nililala peke yangu, mto ukanuka mafuta yake ya nazi mpaka ukaacha. Ndivyo nilivyopoteza mama wa pili, na wa kwanza ninayemkumbuka.

Kanda hazikukoma. Ami aliendelea kuzituma, sebule ikaendelea kuwa na Maskati, ila redio ya kuzipiga haikuwepo tena, na baba hakuwahi kununua nyingine. Ijumaa bibi alikuwa akifukiza ubani, anaipakata kanda, anainusa, anakaa nayo mpaka magharibi. Mtaani ilisemwa kwamba Rukia hakuwa na subira, washenzi wale hawana subira. Na ami alipofariki, miaka mingi baadaye, wanawe wa Ziba walimwosha na kumzika kwenye udongo mweusi kando ya ng'ombe zao, wakati sisi Tabora tukimsalia sala ya mtu aliye mbali. Mbali kule kulikuwa mwendo wa nusu siku. Baba yangu alisimama safu ya mbele. Wanawe hao hawamo kwenye kundi la Hilal. Hakuna aliyewahi kuuliza namba zao.

Hiyo ndiyo sauti ambayo ndugu zangu wanaililia leo. Ninawadharau, naandika neno hilo nikiwa nimetulia na chai yangu mbele. Wamerithi ugonjwa. Ami alikosa bahari akaitengeneza kwa lambo; Hilal ana mvua, ambayo nadhani ni bomba la jirani linalovuja, na anatutengenezea falsafa. Wote wawili wanakupigia wimbo mzuri kwanza, ili usiulize.

Sikuandika lolote kwenye kundi. Nilichukua ile kanda nikamtumia Mama Mdogo Rukia. Yuko Nzega. Aliolewa tena na mtu asiyejua kusema maneno mengi, akazaa, na sasa ni bibi wa watu, mwenye simu ambayo wajukuu humshikia. Nilikaa nikingoja, na nilikuwa na hofu, nasema kweli. Nilifikiri labda kuna vitu havitumwi kwa mtu.

Jibu lake lilikuja kwa sauti. Kwanza ule mvumo, safari hii wa upepo. Halafu yeye, kazeeka, bado anavuta maneno kama alivyokuwa akivuta nywele zangu.

"Nimemsikia," alisema. "Mwongo yule, lakini nyimbo alijua kuchagua. Na wewe nimekusikia. Ulikuwa na sauti ya adabu." Nyuma yake ikapita kengele moja nzito, ya polepole, na nyingine ndogo ndogo zikaikimbilia. "Unawasikia hao? Ngamia wangu, wanarudi kunywa maji. Njoo unisaidie kumenya karanga."

Nilirudia kusikiliza mpaka chai ikapoa, nikalia, na sikugundua lolote kuhusu maisha. Kisha nikaipeleka sauti ile kwenye kundi la familia, bila neno.

Hilal aliweka moyo mwekundu papo hapo. "Mashaallah," akaandika. "Bibi huyu naye yuko Maskati tangu lini?"